Viatu Jozi Sita Mlangoni

Nyumba ilibaki. Nakwambia mapema kabisa, kwa sababu mimi si mtu wa kumweka mwenzangu roho juu, na kwa sababu yule aliyeijenga nyumba hiyo alikaa roho juu wiki tatu nzima, na hizo zinatutosha sote. Ilibaki, haikufutwa, na Ijumaa ile kabla ya saa tano asubuhi mwanamke mmoja alishusha pumzi ndefu mpaka wenzake wakageuka kutazama kama dirisha limefunguka. Sasa kaa vizuri nikueleze, maana ilikuwa karibu sana.

Ofisini walimwita Kigae. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza kazini, alipokaa siku nne akitengeneza kigae kimoja cha paa, kimoja tu, mpaka kikawa na ukungu upande usiopata jua na kona iliyomeguka, kana kwamba fundi alikidondosha akakiweka hivyo hivyo. Wenzake walicheka wakachoka. Kazi yake ilikuwa kujenga mahali ndani ya gemu za kompyuta: njia, kuta, visima, vyumba, vitu vyote ambavyo mchezaji anavipita bila kusema asante. Wengine pale walitengeneza watu na sheria za mchezo, yeye akatengeneza pa kusimama watu hao. Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya kwanza juu ya duka la magodoro. Ilikuwa na meza saba, feni moja yenye kelele, na mlango ulioachwa wazi kutwa kwa sababu ya joto.

Gemu waliyokuwa nayo mkononi ilimhusu tarishi. Tarishi anashuka kwenye basi, anapanda kinjia, anafungua geti dogo la mbao, anafika kwenye nyumba. Ndani, mezani, kuna ramani. Akiipata ramani mchezo unaanza hasa: milima, mito, barua za watu, visa na mikasa. Asipoipata, basi, hana mbele wala nyuma. Kwa hiyo ni lazima aingie ndani. Na mlango haukufungwa, jamani! Ulirudishwa tu. Ukiusukuma kidogo unafunguka.

Na watu hawakuingia.

Utaratibu wa ofisi ulikuwa hivi: kila wiki wanaleta watu tisa ambao hawajawahi kuiona gemu, wanawakalisha, wanawaacha wacheze, na ni mwiko kuwaambia neno lolote. Unasimama nyuma yao, unauma ulimi, unaandika. Wiki ya kwanza, watano kati ya tisa walifika mlangoni wakasimama. Mmoja alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi, akasimama tena. Mwingine aliteremka kwa jirani akawafukuza mbuzi mpaka muda ukaisha. Walipoulizwa mbona hawakuingia, wakainua mabega. "Sijui. Sikujisikia tu."

Bosi wao alikuwa mwanamume mpole mwenye tabia ya kubofyabofya kalamu akiwa na wasiwasi. Siku hiyo aliibofya sana. "Kigae," akasema, "nyumba yako haiaminiki. Inaonekana pambo. Nani anaingia kwenye pambo? Ipe uhai."

Neno hilo lilimwingia Kigae kama mwiba. Akaipa uhai. Akaweka birika jikoni linatoa mvuke, unauona dirishani. Akatundika nguo kwenye kamba, mbichi, zinadondosha maji. Wiki ya pili watu saba kati ya tisa hawakuingia. Akazidisha dozi: akawasha redio inayoongea chinichini, akapanga viatu jozi sita kizingitini, kila jozi na kulika kwake, ndala moja imeshikizwa kwa msumari. Wiki ya tatu, wanane kati ya tisa. Na yule wa tisa aliingia kwa kubonyeza kitufe kisicho chake, akashtuka, akatoka mbio.

Wee! Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Ijumaa saa nne asubuhi walikuwa wanakuja wageni, watu wa kampuni itakayoipeleka gemu sokoni, kuicheza kwa mikono yao. Bosi alimwita Kigae pembeni, kalamu ikilia tik, tik, tik. "Mpaka Ijumaa watu wasipoingia, nyumba tunaifuta. Ramani tutaiweka kwenye benchi la kituo cha basi, mtu aichukue aende zake." Mkataba wa Kigae uliandikwa kwa ajili ya nyumba ile, na nyumba ikifutwa na yeye unga wake umemwagika. Alikuwa amekalia kuti kavu na alijua.

Na kuna jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Nje, nyumba ile ilifuata mchoro wa ofisi: kuta za mawe, paa la vigae, geti. Lakini ndani hakupewa mchoro, akaambiwa ajaze anavyoona. Akajaza nyumba ya Shangazi yake. Ufa wa sakafuni ulioanzia mlangoni ukaishia chini ya kabati, kiti chenye mguu uliofungwa waya, yote. Miezi mitatu ya kazi hiyo, na wengi waliokuja kucheza waliishia nje. Hilo lilimuuma kuliko mkataba.

Shangazi huyo, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa. Alikuwa msoma mita wa maji, miaka ishirini na saba, mlango kwa mlango, na kitabu chake na tochi yake, mpaka alipostaafu. Kazi ya Kigae aliifanyia utani kila walipoonana. "Unajenga nyumba hazina choo," humwambia, "nani akae?" Kigae akacheka, na hakumwonyesha hata siku moja. Aliogopa atamwambia ni upuuzi, na akishaambiwa hivyo na Shangazi, ataamini.

Jumatano Bosi akasimama katikati ya ofisi. Walihitaji mtu mmoja tu wa mwisho wa kujaribu, ambaye hajaiona gemu. "Nani amebakiza ndugu?" akauliza. Wote walishawamaliza ndugu zao, mpaka mashemeji, mpaka jirani wa shemeji. Kigae akatoka nje kupiga simu.

"Mimi?" Shangazi akasema kwenye simu. "Nicheze gemu? Na goti hili?"

"Hawachezi kwa goti, Shangazi."

"Haya. Nitakuja nione hizo nyumba zisizo na choo."

Alhamisi saa tatu akafika, na mkoba wake mweusi na miwani iliyofungwa uzi shingoni. Mlango uko wazi, watu wote saba wanaonekana wamekaa. Hata hivyo alisimama pembeni, bega ukutani, uso ameuelekeza kwenye ngazi, akasema, "Hodi!"

"Pita tu, Shangazi," Kigae akamwambia.

Hakupita. "Hodi!" akarudia, mpaka Bosi mwenyewe akainuka. "Karibu mama, karibu sana, shikamoo." "Marahaba, baba." Ndipo akaingia. Kigae aliona haya kidogo mbele ya wenzake, akamvutia kiti. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema, lakini asubuhi ile Kigae alikuwa na macho mawili mazima na hakuona kitu.

Wakamkalisha. Dakika za kwanza tarishi wake alitumbukia mtaroni, akagonga ukuta, akazunguka papo hapo kama kuku aliyekatwa kichwa.

"Huyu amelewa?" Shangazi akauliza.

"Ni wewe unamwendesha, mama," akasema fundi wa sauti, ambaye ofisini walimwita Sikio. Bosi akamfinya kwa kuvunja mwiko.

Baada ya dakika kumi akashika. Akapanda kinjia, akafungua geti, kisha akaanza kutafuta kwenye vitufe. "Cha kufunga geti kiko wapi? Mbuzi watatoka." Kigae akauma ulimi, akaandika. Shangazi akasonya, akaendelea mpaka mlangoni. Na pale mlangoni, jamani, alimgeuza tarishi taratibu, akamsimamisha pembeni, bega ukutani, uso umeelekea njiani.

Feni ikalia. Watu wakasubiri.

"Hodi!" Shangazi akasema kwa sauti, akiiambia skrini.

Sikio alipaliwa na chai. Wengine wakaziba midomo. Shangazi hakuwatazama. Alisubiri kama mtu anayesubiri hasa, kichwa kimeinama kidogo. "Hodi wenyewe!" Akasubiri. "Hodi, jamani!" Akasubiri tena. Kisha akamgeuza tarishi, akamteremsha kinjia, akavua miwani.

"Wapo," akasema, "ila hawako tayari kupokea mgeni. Nitapita kesho."

Kigae uzalendo ukamshinda. Mwiko akautupa huko. "Shangazi! Hakuna mtu mle ndani! Ni picha! Sukuma mlango uingie!"

"Hakuna mtu?" Shangazi akamgeukia mwili mzima. "We mtoto, unanifanya mimi mjinga? Birika linatoa mvuke, limejibandika? Redio inaongea, imejiwasha? Zile nguo kwenye kamba hata dakika kumi hazina, zinachuruzika maji. Viatu jozi sita kizingitini, vyote vimeangalia ndani, maana yake wenyewe wameingia hawajatoka. Mimi nimesimama milangoni kwa watu miaka ishirini na saba. Nimekimbizwa na mbwa, nimemwagiwa maji ya vyombo, nyumba yenye watu naijua nikiwa getini. Ile imejaa watu, na hakuna hata mmoja aliyesema karibu. Sasa mimi niingie kama nani? Kama mwizi?"

Hakuna aliyecheka.

Kigae alisimama na daftari lake mkononi, na jambo likaanza kumteremkia polepole kuanzia utosini. Wiki mbili alikuwa akiwaambia wachezaji, kwa birika, kwa nguo, kwa redio, kwa viatu: humu mna watu. Nao wamesikia. Wameamini. Wakasimama mlangoni kama watu waliolelewa, wakangoja kukaribishwa, na hawakujua wenyewe kwamba wanangoja. Kila alivyoitia uhai ndivyo alivyowafukuza. Nyumba haikuwa pambo hata kidogo. Ilikosa mwenyeji wa kufungua mdomo tu.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni pale pale katikati ya nyaya, machozi yanamtoka, na Shangazi akamtazama Bosi. "Huyu mmempa nini?"

Bosi alikuwa mtu wa njia fupi, na simlaumu, zimebaki saa ishirini na tano. "Basi rahisi," akasema. "Toa viatu, zima redio, epua birika, anua nguo. Nyumba tupu kila mtu anaingia."

Na ni kweli. Ilikuwa kazi ya saa moja, na mkataba ungepona. Kigae aliinuka sakafuni akajipangusa. Alijua angeweza kusema ndiyo akaenda kula.

"Nyumba tupu mtu anaingia anaiba ramani," akasema. "Nataka apewe."

Bosi akabofya kalamu mara moja. "Una mpaka saa kumi na moja jioni hii. Ikishindikana, viatu vinatoka."

"Sasa mnabishana nini?" Shangazi akaingilia. "Mtu akikaribishwa anaingia. Mbona jambo dogo?"

Dogo, ndiyo, lakini si kwa kompyuta. Kuweka kitufe cha kubisha hodi, walioandika sheria za mchezo walisema, kunataka wiki. Mchezaji atafika mlangoni na hana namna ya kusema hodi, ni bubu. Na asiyeweza kubisha hodi utamkaribishaje?

Kigae alijua jibu kabla swali halijaisha. Aliwahi kuwa huyo bubu. Miaka tisa, siku ya nne baada ya mazishi ya baba yake, mama alishatangulia zamani. Dereva akamshusha na kibegi chake, akaondoka. Mtoto akasimama mbele ya mlango wa Shangazi, hodi haitoki. Akasimama tu. Na kutoka ndani sauti ikaita kabla hajatamka lolote.

"Anaitwa," Kigae akasema. "Akisimama pale sekunde tano, anaitwa."

Hilo lilikuwa kazi ya saa mbili, si wiki. Ilibaki sauti. Sikio alikuwa na makubaliano na mwenye duka la chini: akitaka kurekodi, anaingia stoo, kwa sababu magodoro yaliyorundikwa mpaka dari yanameza kelele zote za barabarani. Wakateremka. Shangazi akakalishwa juu ya godoro lililo ndani ya nailoni, akalibonyeza kwa kiganja, akasema ni laini mno litamharibu mtu mgongo. Sikio akamwekea kinasa sauti mbele, akamwambia aseme.

"Karibuni," Shangazi akasema, kama anayetangaza kukatika kwa maji mtaa mzima. "Mnakaribishwa. Ndani."

"Kawaida tu, mama."

"Hii ndiyo kawaida yangu."

Wakarudia mara kumi na moja. Kila mara ilizidi kuwa mbovu. Mara ya saba aliongeza "kwa heshima na taadhima". Sikio akashika kichwa. Saa tisa ikapita, na Kigae, amesimama kati ya magodoro, akaona kuti linaanza kupasuka. Akapiga moyo konde. Akamwonyesha Sikio kwa kidole aache mashine ikiwa imewashwa, akatoka, akaurudisha mlango wa stoo nyuma yake.

Akasimama nje. Kisha akafanya kile ambacho hakuweza kukifanya miaka ishirini nyuma. Akagonga. "Hodi, Shangazi!"

Ndani, Shangazi alikuwa anamweleza Sikio habari za goti. Hakufikiri hata kidogo. Aligeuza kichwa tu.

"Karibu! Pita, mlango uko wazi! Vua viatu!"

Kigae hakuingia mara moja. Aliegemea ukuta, mkono mdomoni. Sauti ilikuwa ile ile. Ilikuwa imezeeka kidogo, imekwaruza pembeni, lakini ile ile.

"Hiyo!" Sikio akapiga ukelele ndani. "Hiyo hiyo, mama! Usiguse kitu!"

Ilipofika saa kumi na nusu, sauti ilikuwa mlangoni, na Kigae akaongeza kitu kidogo cha kwake ambacho hakumwomba mtu ruhusa. Shangazi hakuona, maana kompyuta zote zilikuwa zimekaliwa. Akachukua mkoba wake. "Nilisema nitapita kesho," akawakumbusha pale mlangoni. "Na nikisema kesho ni kesho."

Ijumaa saa nne wageni wakaja, watatu, wawili wanaume wa kutikisa vichwa na mwanamke mmoja mwenye miwani minene. Ikajulikana upesi kwamba kichwa chenyewe ni huyo mwanamke. Alikaa, akavuta kiti, akachukua tarishi akampeleka bila maneno. Kinjia. Geti. Alipofika mlangoni akasimama.

Kigae alikuwa nyuma yake, kucha zimezama kwenye viganja. Moja. Mgeni akatazama viatu. Mbili. Akatazama mvuke dirishani. Tatu. Akamgeuza tarishi kidogo pembeni, huyoo, anataka kuondoka, na Bosi akaufumba mkono wake wote juu ya kalamu isije ikalia. Nne. Redio ikaongea. Tano.

"Karibu! Pita, mlango uko wazi! Vua viatu!"

"Asante," mgeni akajibu, kwa mdomo wake mwenyewe, bila kujua kama amesema. Akausukuma mlango akaingia.

Na aliingia hasa! Alikaa ndani ya nyumba ile dakika kumi na nne. Alifuata ufa wa sakafuni kwa macho mpaka chini ya kabati. Alizunguka kiti cha mguu wa waya asije akakigonga, kana kwamba kingeanguka. Ramani aliichukua mwisho kabisa, taratibu, kama mtu aliyepewa. Halafu akavua miwani akageuka.

"Hii nyumba," akauliza, "nani ameijenga?"

Hapo ndipo Kigae aliposhusha ile pumzi niliyokwambia. Bosi aliibofya kalamu mara ishirini kwa furaha, mpaka ikavunjika. Nyumba inabaki, mgeni akasema, na anayejenga nyumba namna hiyo wasimwachie aende. Sikio akamkumbatia Kigae akamwinua juu, na wale wanaume wawili wakatikisa vichwa kwa mara ya mwisho, safari hii kwa kukubali. Loo, raha ya mtu aliyeponea chupuchupu haina mfano! Hata ile feni ikawa kama inaimba.

Wageni walikuwa hawajamaliza kuteremka ngazi pakasikika nje ya mlango: "Hodi!"

"Karibu, Shangazi!" ofisi nzima ikaitikia kwa pamoja.

"Nilisema nitapita kesho," akasema, akaingia. Wakampa kiti kile kile, na Kigae akaketi kando yake. Goti lilikuwa linamsumbua, lakini tarishi siku hiyo hakulewa. Alipanda moja kwa moja, akasimama pembeni mwa mlango, bega ukutani. Zikapita sekunde tano, na Shangazi akasikia anakaribishwa na sauti yake mwenyewe.

"Ala! Ndivyo ninavyosikika? Kama nagombana!" Akasukuma mlango.

Akaingia.

Kigae alimwona akiutazama ufa. Kisha kiti. Kisha ukutani, ambapo mkoba wa kazi wa msoma mita umetundikwa, na tochi yake kando. Kisha kona ya nyuma ya pazia, kwenye godoro dogo lililokunjwa, na kibegi juu yake chenye zipu iliyoharibika. Mkono wa Shangazi uliondoka kwenye vitufe ukaenda kwenye goti la Kigae, ukatulia hapo.

"Huo mguu wa kiti," akasema, "uliniahidi utautengeneza."

"Nitautengeneza, Shangazi."

"Na kibegi kile tulikitupa."

"Ndiyo."

Feni ikazunguka. Wenzake, watu wenye akili zao, wakapata kazi za kufanya upande wa pili.

"Siku ile ulisimama sana pale nje," Shangazi akasema, macho bado kwenye skrini. "Nilikuona kwenye dirisha la jikoni. Nikasema ngoja abishe hodi. Hukubisha. Ulikuwa umeinamia viatu vya watu tu."

"Nilikuwa nahesabu," Kigae akasema. "Wewe, mumeo, na watoto wako wanne. Jozi sita. Nikaona nyumba imejaa."

Shangazi akageuka, akamtazama kama hajawahi kumwona. "Hilo ndilo lililokusimamisha? Miaka yote hii nadhani ulikuwa unaniogopa mimi."

"Wewe nawe mbona ulikawia kuniita? Ilizidi sekunde tano."

"Nilikuwa nanawa uso." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nalia tangu asubuhi. Baba yako hakuwa na dada mwingine, na mimi sikuwa na kaka mwingine. Nikasema mtoto asikaribishwe na mtu anayelia, ataona amekuja msibani tena. Nikanawa, ndio nikaita."

Kigae aliushika ule mkono uliokuwa gotini mwake. Kisha, kwa mkono mwingine, akamgeuza tarishi taratibu kuelekea mlangoni walikotoka, ili Shangazi aone kile kitu kidogo alichokiongeza Alhamisi jioni bila ruhusa ya mtu. Tarishi alikuwa ameambiwa avue viatu, na alikuwa amevivua. Vilikuwa pale kizingitini pamoja na vingine, vimeangalia ndani.

Shangazi akavaa miwani. Mazoea ya kazi hayaishi. Alihesabu kwa kidole, mdomo ukicheza.

"Saba," akasema, akafuta jicho kwa ncha ya kidole. "Haya, niambie hiyo ramani iko wapi. Nina barua za watu."